Stika za parachichi zinabanduka: je, tununue mashine ya kubandika?

Meneja wa kituo cha kufungashia cha ushirika mmoja wa wakulima mkoani Njombe anauliza:

"Habari za kazi, mtaalamu. Tunafungasha parachichi ya Hass kwenda Uholanzi, boksi za kilo 4, na msimu ukikolea tunatoa kontena moja la futi 40 kwa wiki. Mnunuzi anataka kila tunda liwe na stika. Kina mama wanane wanabandika kwa mkono. Mzigo uliopita mnunuzi alitutumia picha: stika nyingi zimebanduka, zimelala chini ya boksi. Sasa kuna mtu wa Dar es Salaam anatuuzia mashine ya kubandika iliyotumika, ya njia nne, na anasema tukichelewa itaenda Kenya. Bodi imegawanyika. Tununue?"

Ndugu meneja, pole na hizo picha. Najua mkulima anavyoumia tunda lake zuri linapofika Rotterdam likalalamikiwa kwa ajili ya kikaratasi.

Ushauri wangu ni kwamba msinunue mashine hiyo msimu huu. Swali lako limebeba mambo mawili, na bodi inayajadili kama jambo moja. Kuna kasi ya kubandika, ambayo kwa maelezo yako haiwasumbui. Kuna kubanduka kwa stika, ambako ndiko kunakowasumbua, na mashine haitaliondoa tatizo hilo. Tunda likiwa na unyevu au vumbi, mashine italibandika vibaya vilevile, tena kwa haraka zaidi.

Tuanze na kasi, maana hesabu yake ni nyepesi na unaweza kuipeleka kwenye kikao cha bodi. Kontena la futi 40 la parachichi kwa kawaida hubeba paleti 20, na kila paleti hupangwa boksi 264 za kilo 4. Hizo ni boksi 5,280. Saizi 18 maana yake ni matunda 18 ndani ya boksi, kwa hiyo kontena zima la saizi hiyo lina matunda 95,040. Namba inatisha ukiitazama hivyo. Sasa chukua mbandikaji mmoja mwenye roli ya stika kwenye kifaa cha mkononi, akiwa amewekewa matunda yaliyokwisha kupangwa kwenye boksi. Tuseme anabandika 30 kwa dakika bila kukimbizwa, yaani 1,800 kwa saa. Kontena zima linahitaji saa 53 za mtu mmoja. Kwa kina mama wanane, ni kama saa 6 na dakika 40. Kazi ya stika kwa mzigo wa wiki nzima haijazi hata siku moja ya kazi. Pima kasi halisi ya watu wako kwa saa moja, uweke namba yenu badala ya yangu. Hata ikitoka nusu, bado mna nafasi tele.

Mashine za kubandika zilizofungwa juu ya mkanda wa kuchambulia zinaweza kufikia matunda 10 kwa sekunde kwa kila njia, yaani kila mstari wa matunda. Zilitengenezwa kwa ajili ya vituo vya matufaha, machungwa na kiwi ambako mkanda haulali. Kwenu, hata ukifunga njia moja tu, mashine ingekuwa inasubiri matunda yaoshwe, yakauke na yapangwe saizi.

Sasa tuje kwenye kubanduka, ambako ndiko pesa na jina lenu vinakopotelea.

Fanya hivi kesho asubuhi kabla kazi haijapamba moto. Chukua matunda ishirini yaliyobandikwa jana na kulala kwenye chumba cha baridi. Inua ukingo wa stika kwa ukucha polepole, uigeuze, uitazame upande wa gundi penye mwanga. Ukikuta gundi ina ukungu wa kijivu, vijichembe vya vumbi au unga mweupe wa dawa iliyokaukia shambani, basi tunda halikusafishwa vizuri na stika imeshika vumbi badala ya ganda. Ukikuta gundi ni safi na inang'aa, ila imetoka bila kukaidi, hapo kosa ni unyevu au baridi: stika ilibandikwa kwenye ganda lenye maji, au kwenye tunda la baridi mno kwa gundi hiyo. Na ukikuta gundi imeshika kwa vidoa vidoa, penye vinundu tu, mahali pengine haijagusa kabisa, hiyo ni stika isiyolifaa ganda la Hass, au mbandikaji ameigonga tu badala ya kuikandamiza.

Kwa mazingira ya Njombe, mimi ningeanza kushuku unyevu. Kwenu miezi ya Juni na Julai asubuhi ni baridi kali, na parachichi likichumwa na umande linaingia kituoni likiwa limelowa na limepoa. Kwanza kabisa, tunda lililolowa lisichumwe. Mbali na stika, vinyweleo vya ganda, yaani vitundu vidogo vya kupitishia hewa, huumia kwa urahisi likichumwa hivyo na madoa meusi hutokea baadaye. Pili, baada ya kuosha, tunda lipite kwenye rola za sponji zinazokamuliwa, kisha brashi, kisha feni za kutosha. Watu wengi hutazama tunda likiwa linang'aa wakasema limekauka. Usitazame. Chukua karatasi ya chooni, ibane kwa upole penye shingo ya tunda karibu na kikonyo, na uipitishe kwenye mabonde kati ya vinundu. Karatasi ikipata alama ya maji, stika haitadumu.

Jambo la tatu ndilo linalowaponza wengi: mpangilio wa kazi. Kama mnapoza matunda kwanza halafu mnayatoa ili kuyabandika, mnajitengenezea tatizo wenyewe. Tunda lenye nyuzi 5 au 6 likitoka kwenye chumba cha baridi na kukutana na hewa ya kawaida, linatoka jasho papo hapo, na hakuna gundi ya kawaida ya stika za matunda inayoshika vizuri juu ya jasho. Bandikeni kabla ya kupoza, tunda likiwa kavu na lenye joto la chumba. Gundi ikishapata muda wa kushika ndipo boksi liingie kwenye baridi. Kumbuka stika hiyo itakaa wiki nne au zaidi ndani ya kontena lenye baridi na unyevunyevu mwingi, na tangu meli nyingi zilipoanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kuikwepa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, safari ya kwenda Ulaya imerefuka. Stika iliyoshika nusunusu Njombe haiwezi kuvumilia safari hiyo.

Mwelekeze pia mbandikaji mahali pa kuiweka. Shavu la tunda, sehemu pana, ndilo linalofaa. Mabegani karibu na kikonyo kuna mikunjo, na kwenye kitako stika inasuguana na kasha. Aweke, halafu akandamize kwa nyama ya kidole gumba, pole na kwa uzito. Hilo tendo la nusu sekunde linaokoa stika nyingi kuliko mashine yoyote ya mkupuo. Hass ina ganda la vinundu, kwa hiyo stika pana na ngumu hulala juu ya vinundu kama mkeka juu ya mawe. Ndogo na laini hujikunja ikafuata ganda. Mwombe msambazaji sampuli za aina mbili tatu, mzijaribu kwenye matunda yenu wenyewe. Sampuli iliyojaribiwa kwenye tufaha haikwambii lolote kuhusu Hass.

Na roli za stika mnaziweka wapi? Nimeona stoo nyingi ambako roli zinakaa kwenye rafu ya juu kabisa, chini ya bati. Mchana gundi inalainika na kuchuruzika pembeni, roli zinashikana, na msimu ukifika stika zinatoka zimekunjamana. Ziwekwe mahali pa ubaridi, pakavu, kwenye mfuko wake, na za zamani zitoke kwanza.

Nataka sasa nieleze mashine yenyewe inavyofanya kazi, ili bodi ijue inanunua nini na kwa nini isingewasaidia leo. Roli ya stika inakaa kwenye kaseti. Utepe unaozibeba unavutwa na kupindishwa ghafla kwenye ukingo mkali, na pale utepe unapopinda stika inajitenga. Hapo inanaswa na ncha ya mfuko mdogo wa mpira wenye mikunjo mikunjo, ambao una vitundu vinavyonyonya hewa. Kichwa chenye mifuko kadhaa kinazunguka sambamba na matunda yanayopita chini yake. Mfuko ukifika juu ya tunda, vali inabadilisha kunyonya kuwa kupuliza, mfuko unajinyoosha ghafla, unaibonyeza stika kwenye ganda na kurudi juu. Kwa sababu mpira unanyooka na kubonyea, tunda kubwa na dogo yote yanafikiwa bila kuumizwa. Ni ufundi mzuri sana, na kampuni kama Sinclair ya Norwich, Uingereza, imejijengea jina kwa aina hii ya mashine.

Lakini tazama inavyotegemea vitu ambavyo havipo ndani ya mashine. Inataka hewa ya kompresa iliyo kavu na isiyo na mafuta. Kompresa isiyo na kikaushio inapeleka maji kwenye vali, na siku si nyingi mifuko inaanza kukosa stika moja moja, kisha nyingi. Inataka tunda moja moja, kila moja kwenye kikombe chake, na kasi ya mkanda isiyobadilika. Nawe hujanieleza kama mashine yenu ya kupanga saizi ina vikombe au ni ya rola tu. Kama ni ya rola na matunda yanabingirika yakisukumana, vichwa vya namna hiyo havina mahali pa kukaa juu yake. Huyo muuzaji anaweza kuwa anawauzia kichwa kisicho na kiwiliwili.

Jambo jingine ni saizi. Kama mnunuzi anataka namba ya PLU, yaani namba ya kutambulisha aina ya tunda dukani, kwenye stika, Hass haina namba moja. Ndogo ni 4046, kubwa ni 4225, kubwa zaidi ni 4770. Namba hizi, zinazosimamiwa na IFPS, shirikisho la kimataifa la viwango vya matunda na mboga, zilianza kutumika 1990 ili mtu wa kaunta apige tarakimu nne badala ya kukisia aina ya tunda, na tunda la kilimo hai huongezewa 9 mbele, ikawa 94225. Mashine ikifungwa kabla ya matunda kutenganishwa, lazima iunganishwe na kompyuta ya mashine ya saizi ili ijue ipi ibandikwe nini, na iwe na kaseti ya kila namba. Kwa mkono jambo hili ni jepesi: meza ya saizi 14 ina roli yake, meza ya 22 ina yake, basi.

Hata hivyo, muulize mnunuzi kwa maandishi anataka nini hasa kwenye stika. Matumizi ya PLU ni ya hiari, na yamezoeleka zaidi Marekani na Kanada. Wanunuzi wa Ulaya wengi hutaka chapa yao na nchi ya asili, wengine huongeza bakodi ndogo ya GS1 DataBar. Kiwango cha parachichi cha UNECE, tume ya Umoja wa Mataifa ya uchumi wa Ulaya, kiitwacho FFV-42, hakilazimishi stika kwenye kila tunda. Taarifa za lazima ziko kwenye boksi. Kinachosema kuhusu stika ni kwamba ikibanduliwa isiache gundi inayoonekana wala kuharibu ganda. Kwa hiyo msije mkakimbilia gundi kali kupita kiasi ili kumaliza tatizo la kubanduka. Mtatoka kosa moja na kuingia jingine, na hili la pili ndilo lililoandikwa kwenye kiwango.

Hapa niseme jambo linalonikera katika vituo vingi vya kwetu. Watu wanaamini wakishabandika stika wameweka ufuatiliaji wa mzigo. Hapana. Stika yenye chapa na PLU inafanana kwenye matunda laki moja. Haijui shamba la nani wala siku gani. Kinachomtambulisha mkulima ni lebo ya boksi yenye namba ya shehena, tarehe ya kufungasha na msimbo wa shamba, pamoja na daftari linaloendana nayo. Mkitaka kesho kuuza China, ambako Tanzania ilitia saini makubaliano ya parachichi Novemba 2022, shamba na kituo lazima viwe vimesajiliwa, na ukaguzi wenu utasimama juu ya kumbukumbu hizo. Shilingi ya kwanza ya teknolojia ningeiweka kwenye printa nzuri ya lebo za boksi kabla ya kugusa mashine ya stika.

Sheria inayowahusu moja kwa moja ni ya aina ya stika. Ufaransa ilikataza tangu 1 Januari 2022 stika zinazobandikwa moja kwa moja kwenye matunda na mboga, isipokuwa zile zinazooza kwenye mboji ya nyumbani na zenye malighafi ya mimea, nzima au sehemu yake. Umoja wa Ulaya umefuata kwa Kanuni 2025/40 ya vifungashio: kuanzia 12 Februari 2028 stika za matunda na mboga zinazouzwa katika soko hilo lazima ziwe za kuoza katika mitambo ya mboji, na nchi mwanachama inaweza kudai zioze hata kwenye mboji ya nyumbani. Mnunuzi wenu yuko Uholanzi, ila je, anauza sehemu ya mzigo Ufaransa? Muulize leo. Kama anauza huko, stika zenu za plastiki tayari zina tatizo.

Hilo linabadilisha kabisa hesabu ya mashine iliyotumika. Stika zinazooza zina tabia tofauti na za plastiki: nyingi hupenda kunyonya unyevu, hazikai stoo muda mrefu, na utepe na kaseti za mashine za zamani huenda visizipokee bila marekebisho. Isitoshe, watengenezaji wengi huuza au kukodisha mashine wakitegemea mteja anunue stika kwao, na kaseti zao zinapokea upana na nafasi yao tu. Ukinunua mashine ya mtengenezaji asiye na wakala huku, umenunua pia ulazima wa kuagiza kila roli nje, kwa kiwango cha chini anachokipanga yeye, ukiwa na miaka michache tu kabla ya sheria kukulazimisha ubadilishe stika zote.

Najua mjumbe mmoja wa bodi ataleta habari ya leza. Ni kweli ipo. Desemba 2016 kampuni ya Eosta ya Uholanzi pamoja na maduka ya ICA ya Sweden walianza kuuza parachichi na viazi vitamu vya kilimo hai vilivyochorwa kwa leza badala ya stika, na FFV-42 inaruhusu mradi mchoro usiumize ganda wala nyama. Kwa kituo cha kontena moja kwa wiki, acheni kwanza.

Je, mashine itawafaa lini? Mkifika mahali ambapo mnatoa kontena kila siku au karibu yake, na meza za stika zikawa ndizo zinazowasubirisha watu wa paleti. Hata hapo, kabla ya kwenda kwenye vichwa vya juu ya mkanda, angalieni mashine ya kubandika juu ya boksi lililokwisha kupangwa. Boksi la kilo 4 la parachichi lina safu moja tu, matunda yote yanaonekana kutoka juu, na mashine ya aina hiyo haihitaji vikombe. Inakwenda kwa saizi iliyomo ndani ya boksi, na mnaweza kuanza na moja, mkaongeza ya pili mavuno yakiongezeka. Kina mama wenu waliozoea kubandika ndio wanaofaa kufundishwa kuiendesha, maana jicho la kuona stika iliyokaa vibaya wanalo tayari.

Kwa huyo bwana wa Dar es Salaam, msimfukuze, ila mpeni masharti. Aseme mashine ni ya mtengenezaji gani, ya mwaka gani, na stika zake zinanunuliwa kwa nani. Aonyeshe mifuko ya mpira ya akiba, vali na kaseti, na fundi atakayekuja ikisimama katikati ya msimu. Aoneshe barua ya mtengenezaji kwamba inapokea stika zinazooza. Kisha aiwashe mbele yenu, kwa matunda yenu ya Hass yaliyotoka kuoshwa asubuhi hiyohiyo, na matunda hayo mkayalaze siku tatu kwenye chumba chenu cha baridi kabla ya kuhesabu yaliyobaki na stika. Akikataa lolote kati ya hayo, msitoe hata malipo ya awali, na mashine iende Kenya kama alivyosema.